Elektroni ya Dakani

Mtihani ulikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mokowe. Eda yangu ilikuwa inakwisha Jumamosi, jua likizama. Kwa ajili ya siku hizo tatu nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Naandika hivyo nikijua kwamba kuna atakayesoma akaniona sina haya. Basi na anione.

Chuo kimoja cha uuguzi huko bara kilikuwa kimenikubali kwa sharti. Alama yangu ya kemia ya kidato cha nne ilikuwa ya kuficha, kwa hiyo nilitakiwa nifanye karatasi yao wenyewe, mara moja tu, katika darasa la kuazima pale Mokowe, ng'ambo ya kisiwa chetu, na asiyetokea jina lake linafutwa. Barua ile tuliisoma pamoja, mimi na mume wangu. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na alipomaliza kusoma aliikunja akaitia ndani ya Msahafu ili isipotee. Wiki tatu baadaye homa ilimchukua kwa siku nne. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nikaingia eda: miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, bila udi, bila kutia mguu nje ya mlango.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya watu wa zamani, kuta zake nene kiasi kwamba punda akilia nje unamsikia kama anayelia mtaa wa pili. Kutoka njiani unaingia kwanza daka, lile baraza lenye vikalio viwili ambapo mgeni hukaa akasemeshwa bila kuingia. Baada ya daka kuna ujia mdogo uliopinda, ili wa nje asione wa ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu. Kisha msana, ukumbi mrefu mwembamba. Mwisho kabisa ndani, chumba ambacho ndicho huitwa hivyo, ndani, chenye ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Humo ndimo nilimolala na mume wangu miaka minne, na humo ndimo nilimosalia peke yangu nikihesabu zidaka kuanzia juu kwenda chini, halafu chini kwenda juu. Mbingu yangu ilikuwa ile ya kiwandani, ya mraba. Wingu lilipita kwa hatua kumi na mbili hivi, likaisha.

Tulikuwa wawili nyumbani, mimi na mavyaa, mama wa marehemu. Alizaliwa Kipungani, na mikono ya Kipungani haikumtoka: kutwa alisuka miyaa ya mikeka, na ukanda wa shupatu ulimtoka mikononi mrefu kama maneno yake. Mtoto wake alikuwa huyo mmoja. Wazazi wangu mimi wako Ndau, na kila mtu alijua, bila kusema, kwamba eda ikiisha watakuja kunichukua.

Mwalimu wa kemia alikuja kwenye taazia. Alikuwa kijana wa bara aliyefundisha sekondari ya hapo kisiwani, na marehemu alimtengenezea kabati la vitabu. Akasema yale wasemayo watu, kama kuna lolote naweza kusaidia. Wengi husema hivyo wakitumaini hutawajibu. Mimi siku ya arubaini nilimjibu. Nilimpelekea salamu kwamba lipo: anifundishe kemia.

Majirani walipata cha kutafuna wiki nzima. Mavyaa alisuka miyaa yake siku mbili, halafu akatoa hukumu: mwalimu atakaa dakani, mlango wazi, watu wa njiani wamwone. Mimi nitakaa kiwandani, nyuma ya ukuta. Yeye atakaa ujiani baina yetu na miyaa yake. "Sauti ipite," akasema. "Mtu asipite."

Ndivyo nilivyosoma kemia, kwa sauti isiyo na uso, Jumapili na Jumatano, baada ya alasiri. Ubao sikuuona. Nilikuwa na karatasi kubwa ya jedwali la elementi ambayo mume wangu aliniletea kutoka Mombasa. Niliitandika sakafuni kiwandani nikaibana kwa mawe manne, na upepo ulipoingia nililala juu yake.

Tatizo langu lilikuwa la zamani. Nilikuwa mtu wa kukariri. Nilijua kwamba kundi la kwanza ukishuka chini ukali unazidi: lithiamu ni mpole, sodiamu mkali, potasiamu ukimtia majini anawaka. Basi nikachukua kanuni hiyo nikaipeleka kila mahali, kama mtu mwenye ufunguo mmoja anayejaribu milango ya mtaa mzima.

"Katika kundi la saba, nani mkali zaidi?" sauti ikauliza kutoka dakani.

"Wa chini," nikasema. "Ukishuka ukali unazidi."

"Hapana. Ni florini. Yule wa juu kabisa. Kwa nini?"

Nikakasirika, kwa sababu nilikuwa na hasira ya mambo mengi na florini ndiyo iliyokuwa karibu. Nikasema mbona kitabu kinajigeuza, leo chini kesho juu.

"Kitabu hakijigeuzi, dada. Wewe wacha kukremu. Angalia elektroni zimepangwaje. Potasiamu ina elektroni kumi na tisa: mbili ganda la ndani kabisa, nane la pili, nane la tatu, halafu moja peke yake huko nje. Tabia yake yote inatoka kwa huyo mmoja."

Hapo ndipo mavyaa alipotia neno. Miyaa ilinyamaza kwanza, na mimi nikajua kuna linalokuja.

"Bwana mwalimu. Mbona huko ndani hukaa mbili tu?"

"Nafasi, mama. Ganda la ndani ni dogo. Linabeba mbili, basi."

"Hao ni mume na mke," akasema mavyaa. "Wako chumba cha ndani. Nane wako msana. Nane kiwanda. Na huyo moya kakaa dakani." Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nadhani alisikia alichokisema, kuhusu chumba cha ndani na mume na mke, kwa sababu kicheko kilikatika na miyaa ikaanza tena.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona nyumba. Jioni ile nilichukua kokwa za tende nikazipanga kwenye zidaka: mbili, nane, nane, moja. Nikaitazama ile moja peke yake kwenye safu ya chini. Mbili, nane, moja ilikuwa sodiamu, nyumba isiyo na kiwanda. Mbili, moja ilikuwa lithiamu, kibanda tu, chumba na daka. Jumatano nilimweleza mwalimu, nikiona haya kidogo. Nikamwambia kiini, chenye protoni zake zinazovuta, ni mwenye nyumba aliyeko ndani kabisa anayeita watu wake. Nikamuuliza: kwa nini wa potasiamu hutoka kwa urahisi kuliko wa lithiamu, na potasiamu mwenye nyumba wake ana protoni nyingi zaidi, sauti yake ni kubwa?

Kabla hajajibu, mavyaa alijibu yeye.

"Sauti kubwa yafaa nini na watu wamejaa kati? Mimi nikiwa ndani nikamwita mtu aliyeko daka, na msana wazungumza, na kiwanda chapiga kelele, hasikii. Apita mtu ndiani amwambia twende, huyo, kenda."

Halafu mwalimu akasema polepole, "Mama, hiyo kwenye mtihani ni alama mbili."

Kuanzia hapo alikuwa mwanafunzi wa pili. Florini tuliipata siku hiyo hiyo. Nyumba ya florini ina vyumba viwili tu, na cha nje kimekaa saba, pamebaki pa mmoja. Mwenye nyumba yu karibu na mlango, hakuna wa kumziba sauti, apitaye njiani humsikia na huvutwa. Klorini ana chumba kimoja zaidi, sauti inafifia. Kwa hiyo katika kundi la kwanza ukali ni kuachia, na nyumba kubwa huachia upesi. Katika kundi la saba ukali ni kunyakua, na nyumba ndogo hunyakua zaidi. Kanuni ni moja, nami nilikuwa nimebeba nusu yake miaka yote. Nilitaka kukimbia nje nimwambie mtu, nikakumbuka kwamba nje hakuna.

Mwalimu alitufundisha pia kwamba ukitoka kushoto kuelekea kulia katika safu, vyumba haviongezeki lakini mwenye nyumba anapata nguvu, kwa hiyo anawavuta wote karibu na atomu inakuwa ndogo. Mavyaa hakuipenda hiyo. "Nguvu zikizidi nyumba yabana," akasema. Nikaona shavu lake pembeni mwa ukuta, limeelekea kwangu, na sikujua kama alikuwa akisema kuhusu atomu.

Sasa nieleze kosa langu. Mavyaa alihesabu eda yangu kwa kokwa za tende. Kila siku baada ya magharibi alitia kokwa moja kwenye bakuli la udongo lililokaa kidaka cha katikati. Kwa hesabu ya miandamo ya mwezi ya mwaka ule zilitakiwa zitimie mia na ishirini na nane. Nilipopiga hesabu nikaona Alhamisi ya mtihani itanikuta ndani bado, nilianza kwa kubishana kwa adabu. Nikamwonyesha karatasi ya hospitali. "Mama, hapa wameandika alifariki Alhamisi. Wewe umeanza kuhesabu Ijumaa."

"Alifariki baada ya magharibi," akasema. "Usiku wa Ijumaa huo. Daktari wa bara ayua nini?"

Alikuwa na haki. Kwetu jua likizama siku imekwisha, na usiku ni wa kesho. Na hata ningelishinda ningelipata siku moja, nami nilihitaji tatu. Kumwomba waziwazi aniruhusu nitoke kabla ya wakati sikuthubutu. Niliogopa jibu, na niliogopa zaidi uso wake baada ya jibu. Watu wangesema hakumngoja hata marehemu apoe. Nilijifunga mdomo mwenyewe, halafu nikamlaumu yeye kwa kunifunga.

Siku moja nilitaka kupanga kalisiamu, kokwa ishirini, zangu zikawa kumi na tisa. Nikaazima moja kwenye bakuli lake, nikaipanga, nikairudisha. Ilikuwa rahisi mno. Iliingia na kutoka na hakuna dari iliyoanguka. Jumatatu ya wiki ya mtihani, mavyaa akiwa kwenye sala ya adhuhuri, nimesikia takbiri yake kabisa, nilitia kokwa tatu za kwangu katika bakuli la eda ya mume wangu. Nilimwambia marehemu moyoni, nisamehe, wewe ndiye uliyeitia ile barua kwenye Msahafu.

Nilidhani Jumatano baada ya magharibi ataona zimetimia, atashangaa kidogo, atasema Alhamdulillahi, na asubuhi nitashuka gatini na kalamu yangu.

Jumatano mwalimu alikuja kwa mara ya mwisho. Akatupa la mwisho: atomu ya sodiamu ikiachia ile elektroni ya nje, inayobaki huitwa ioni. "Ioni na atomu, ipi kubwa?"

Kichwa changu kilikuwa kwenye bakuli.

Mavyaa akauliza, "Yule aliyetoka, hurudi?"

"Harudi mwenyewe, mama. Ameshakaa kwa mwingine."

Mwalimu akalijibu swali lake mwenyewe, akaniombea heri akaondoka, na viatu vyake nikavisikia mpaka kona.

Baada ya magharibi mavyaa alilileta bakuli kiwandani, akalimimina juu ya mkeka, na akaanza kuchagua. Hakuhesabu. Alichagua tu, kama mtu achaguaye mchele. Akatenga tatu.

"Hizi za kwangu ni za tende za hitima ya mwanangu," akasema. "Kila moya nene. Hizi tatu nyembamba za pakiti. Ni zako."

Sikuwa na pa kukimbilia. Niliangua kilio pale pale. Nikamwambia kweli, nikamwambia mtihani hauna kesho, nikamwambia nimechoka kutazama kipande cha mbingu, nikamwambia nampenda mwanawe na bado nataka kwenda, na kama hayo mawili hayakai pamoja basi mimi ni mtu mbaya.

Alingoja nimalize.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ningesema hapana," akakubali. "Lakini ungeniuliza mara ya pili, singeweza." Akazungusha zile kokwa tatu kiganjani. "Wiki ya kwanza nalimwendea yule bibi asomeshaye chuo cha Kurani. Nikamuuliza. Akaniambia mwenye eda akiwa na haja ya kweli hutoka mtana, akarudi, akalala nyumbani mwake. Mtana, mwanangu. Tangu wiki ya kwanza."

Nilimtazama bila kuelewa, kisha nikaelewa. Miezi minne. Mwalimu angeweza kunipa ubao, ningeweza kwenda sekondari nikaona maabara, nikaona maji yakiwaka. Miezi minne mlango ulikuwa na ruhusa yake na ruhusa ilikuwa imekaliwa na mtu ujiani, asuka miyaa.

"Mbona hukuniambia?" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele kabla wala baada.

"Naliogopa ukiiyua ndia hutarudi." Hakunikwepa macho. "Nina nani mimi? Nikasema, ni miezi minne. Mungu kanipa miezi minne. Nisimgawie mtu."

Ninataka kusema nilimsamehe pale pale. Sikumsamehe. Nililala nimemgeuzia mgongo, na ukweli ni kwamba hata leo kuna siku nakumbuka nikaudhika upya. Lakini alfajiri nilimkuta amenipigia pasi buibui, na kando yake kalamu mbili, na mkate wa mofa umefungwa kwenye kitambaa. Alinishika mkono mpaka dakani. Hapo akauachia.

Jua la nje lilinipiga usoni kama kofi. Nilikuwa nimesahau mtaa ulivyo na harufu, na watu walivyo wengi. Boti ya Mokowe ilichukua muda ule ule wa siku zote, nami nilikaa nimekumbatia mfuko, nikisema mbili, nane, nane, moja, mpaka mama aliyekaa karibu nami akaniuliza kama nasoma nyiradi.

Swali la nne lilikuwa hili: eleza kwa nini ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko atomu ya sodiamu. Alama mbili. Jibu nililijua. Niliandika kwamba elektroni moja ya ganda la nje imeondoka, na ilipoondoka ganda lake lote limekwisha, yamebaki mawili ya ndani, na kiini kinazivuta kumi zilizobaki kwa nguvu zaidi. Nilipofika kwenye nukta nikashindwa kuinua kalamu. Msimamizi alinisogelea akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemaliza hilo.

Nilirudi kabla ya alasiri, kwa sababu nilikuwa bado nina siku tatu na nilitaka kuzitimiza, safari hii kwa kokwa zake. Nilipokata kona nilimwona. Mavyaa, ambaye maisha yake yote alisema daka ni la wanaume na wageni, alikuwa amekaa dakani, kwenye kikalio cha mwalimu, bila miyaa, mikono mitupu magotini, akitazama njia.

Hakuniuliza kama nimefaulu. Aliuliza, "Walikuuliza nini?"

Nikakaa kikalio cha pili, tukatazamana. Nikamwambia waliuliza atomu ikiachia yule wa nje, inayobaki yawa kubwa ama ndogo.

"Nawe ukajibu nini?"

"Nimejibu yawa ndogo, mama. Chumba chote cha nje huondoka naye."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesahihisha daftari.

"Hilo naliyua," akasema, "kabula ya huyo mwalimu wako."

Kisha akainuka, akashika ukuta, akaingia kunipakulia wali.